Kitunga cha Kinywani mwa Libanga

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa farasi, nilionyeshwa ukwato. Chef wa mazizi, mzee Mwislamu ambaye mababu zake walifika Kisangani na misafara ya biashara wakabaki, alinipeleka moja kwa moja hadi chumba cha mwisho. Aliinama, akashika mkono wangu, akauweka juu ya ukwato wa mbele wa farasi mwekundu ambaye hata uso wake sikuwa nimeuona.

"Unasikia nini?"

"Baridi, Papa Chef."

"Bon. Hii njo afya. Siku utasikia moto pale, usikuje kuniambia farasi iko muzuri, hata kama iko nacheza ngoma."

Nilikuwa msichana aliyetoka kuacha shule. Mto ulikuwa umewachukua baba na mama siku moja, katika chombo kilichopinduka wakirudi kutoka Isangi, na mimi nilikuwa yaya. Wasomaji wa mbali wasidhani nilikuwa mlezi wa kuajiriwa. Kwetu yaya ni mkubwa wa ndugu, na mkubwa wa ndugu akifiwa na wazazi anakuwa baba, anakuwa mama, anakuwa na mwiko wa sufuria pia. Kila asubuhi nilivuka mto kwa pirogue, mtumbwi wetu, kutoka Lubunga kwenda kufagia mavi ya farasi wa watu wenye nafasi, katika klabu iliyokuwa pembezoni mwa mji. Jioni nilivuka kurudi kuwagawia wadogo zangu chakula.

Naandika kwa sababu vijana wawili watatu wameniuliza kazi ya farasi ilifanywaje wakati wetu. Na naandika kwa hasira. Sitaificha, maana nimeificha vya kutosha. Pale Mangobo, nikipita sokoni, bado kuna wanaosema, "Ona, Yaya Kitunga, ule aliuaka farasi na njaa." Someni basi, halafu semeni nani aliua.

Papa Chef hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ugonjwa mmoja alinieleza mara nyingi, kama mtu anayemwonyesha mwanawe nyumba yenye mbwa mkali. Wakubwa wa klabu waliuita kwa Kifaransa, fourbure. Yeye aliuita moto wa kwato. Ndani ya ukwato, alisema, mfupa umeshikamana na ukuta kwa nyama nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu. Nyama hizo zikivimba, hazina pa kuvimbia, kwa sababu ukwato hautanuki. Zikichanika, mfupa unashuka, na farasi anasimama juu ya kidonda ambacho macho hayakioni. Na chanzo, mara nyingi, ni kula. Majani mabichi yaliyopata mvua kisha jua yana sukari nyingi. Farasi wengine wanayala na hawapati kitu. Wengine, hasa wale wadogo, wepesi kunenepa, wenye mafuta yaliyoganda juu ya shingo, sukari ile inawashukia miguuni.

Farasi wa namna hiyo Papa Chef alimvisha kitunga kinywani kabla ya kumtoa malishoni. Kilikuwa kikapu chenye tundu chini, ili apate majani machache tu, na maji bila shida. Aliita hivyo "kufunga", akacheka peke yake kwa neno lake.

"Kinywa imefungwa, na mwenyewe iko nafunga. Njo Ramadhani yake. Ila huyu namuruhusu kula kidogo na muchana, sababu sio Mwislamu."

Mzaha huo niliucheka miaka mingi. Baadaye nitawaambia kwa nini niliacha.

Kazi ile ilinikaa mwilini upesi kuliko wengine, na najua sababu. Nyumbani nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Tukipata lituma, ndizi zetu za kutwangwa, nilikata sehemu ya leo na nikaficha sehemu ya kesho, na wadogo zangu wakilia, nilikaa juu ya kifuniko. Mama mdogo wetu alikuja siku moja kutoka ng'ambo na biskuti na sukari, akawakuta wanalia. Akafungua sufuria, akawapa yote.

"Una roho ya jiwe," aliniambia. "Batoto ya dada yangu, unabanyima?"

Wakamkumbatia. Akaondoka na pirogue ya saa tisa, akipungiwa mikono. Kesho yake hapakuwa na kitu, na yeye hakuwepo kuwasikia wakilia. Tangu siku ile naogopa huruma ya mtu anayerudi kwake jioni.

Klabu ilifungwa wenye farasi walipohama, na Papa Chef alikuwa ameshazikwa. Nikaandikwa kazi katika shamba moja kwenye barabara ya Banalia. Hapo nilikuwa na wakubwa wawili. Wa juu alikuwa Patron, mfanyabiashara mnene wa sauti na wa mkono, aliyependa wageni wake waone vitu vyake. Chini yake alikuwa Gérant, msimamizi wa shamba, mtu mwenye akili na mwenye hofu. Akili ilimwonyesha kila kitu, hofu ikamwambia anyamaze. Na kulikuwa na Docteur wa mifugo, aliyekuja kwa pikipiki alipoitwa, na wakati mwingine bila kuitwa.

Libanga aliletwa na wachuuzi wa kaskazini, ndani ya lori. Alikuwa jike mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye kifua kipana na hamu ya kula isiyo na mwisho. Patron ndiye aliyempa jina hilo, yaani jiwe, kwa jinsi alivyosimama imara. Msimu mmoja wa mvua ulitosha. Shingo ilimnenepa mpaka ikalala upande. Asubuhi moja nikamkuta amesukuma miguu ya mbele mbali na mwili, uzito wote kaurudisha nyuma, kama mtu anayekanyaga makaa. Niliweka mkono kwenye ukwato: moto. Nyuma ya kifundo mshipa ulikuwa ukigonga kama mtu mlangoni.

Docteur alituonyesha la kufanya: asitoke nje, asile jani bichi, alale juu ya maranda mengi laini, majani makavu yalowekwe kwanza ili sukari itoke, kwato zimwagiwe maji baridi. Tukampa na dawa. Libanga akapona, polepole. Siku Docteur aliporuhusu arudi malishoni kwa saa chache, alisema mbele yetu sote, Patron akiwemo:

"Huyu hatapona kabisa maisha yake yote. Akitoka, atoke na kitunga. Hakuna kitunga, hakuna malisho. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Docteur," alisema Patron. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Sasa nieleze namna ya kukichagua kitunga, kwa sababu hilo mliniuliza, na kwa sababu watu hudhani ni kumfunika mnyama kitu chochote usoni.

Cha kwanza Gérant alikitengeneza kwa bidon la njano la mafuta ya mawese, likakatwa katikati, likatobolewa kwa msumari wa moto. Lilikuwa jepesi na halikuoza. Lakini plastiki haipumui. Katika joto letu Libanga alitoka jasho puani, pumzi ikamrudia usoni, na ukingo ukamkata taya. Funzo la kwanza: tia uso wako mwenyewe ndani ya kitunga, upumue humo huku umesimama juani. Kikikushinda wewe, kitamshinda yeye.

Cha pili Docteur alikileta kutoka safari yake, cha mikanda ya kitambaa na kitako cha mpira. Kilikuwa kizuri sana, lakini kilishonwa kwa pua kubwa kuliko ya Libanga. Kikicheza, kinachubua. Kikikazwa, hawezi kutafuna. Inatakiwa vidole vipite kati ya kitunga na ngozi pande zote, na midomo isiguse kitako akisimama tu. Docteur mwenyewe alikivua, akasema, "Si chake. Mtafutie fundi."

Fundi nilimpata kwetu Lubunga: Tonton Bosco, mvuvi wa watu wa Yanonge, msukaji wa migono ya kuvulia samaki. Nilimpimia urefu wa pua ya Libanga kwa kamba, nikamweleza: kikapu cha kekele, zile fito nyembamba za msituni, chenye nafasi za kupitisha hewa, na tundu chini ili majani yaingie kidogo kidogo.

Alileta kitu kizuri cha kutazama. Nikamvisha Libanga. Aliinamisha kichwa mara moja tu, akaruka nyuma, akapiga kelele, midomo imechomwa. Nikageuza kikapu nione. Ndani ya tundu Tonton alikuwa amesuka koo la mgono, zile ncha kali zinazoelekea ndani ili samaki akiingia asitoke. Jioni nikavuka nacho, nikamfuata ufukweni.

"Tonton! Umefanya nini huku?"

"Ulisema majani iingie kidogo kidogo."

"Ndiyo."

"Bon. Hii inaingia kidogo kidogo. Na ikiingia, haitokake tena. Kazi safi."

"Nani alikuambia majani iko natoroka?"

Akafikiri. "Kweli," alisema. "Sijaonaka majani ya kutoroka. Lakini weye ulisema mutego ya kinywa."

"Nilisema kitunga!"

"Mutego, kitunga, yote ni kekele," alisema, na watu waliokuwa wakitengeneza nyavu pale ufukweni wakacheka hadi mmoja akaangusha sindano yake. Tonton alikata zile ncha, akageuza ukingo wa tundu nje, akaulainisha kwa kipande cha kioo. Nilishona kitambaa cha pamba palipogusa mfupa wa pua. Docteur akaongeza jambo moja ambalo msilisahau kamwe: kamba ya shavuni iwe ya ngozi dhaifu, ili farasi akikwama kwenye tawi au uzio, ikatike kabla ya shingo yake. Tukasuka viwili, kimoja kikivaliwa, cha pili kikaushwe, kwa kuwa kekele mbichi hupata ukungu.

Hicho ndicho tulichokichagua. Nilimzoesha polepole, nikamwona akijifunza kuikandamiza nyasi mpaka majani yachomoze tunduni. Sikumwacha nacho kutwa nzima. Kila nilipokivua nilitazama ngozi, meno na ndoo ya maji. Akapungua. Shingo ikasimama. Kwato zikawa baridi misimu mingi.

Lakini kando ya uzio ilipita barabara, na barabarani walipita watu.

"Eh Yaya! Farasi yako iko na cache-nez! Inaogopa ugonjwa gani?"

"Iliiba duka ya nani? Mbona mumeifunga kinywa?"

Hao, na barakoa yao ya cache-nez, hawakuniudhi. Mtu wa njiani anacheka, anapita. Walioniudhi ni wa ndani. Madame, mke wa Patron, alikuwa akija na mkate mkononi, anasimama mbele ya Libanga, anageuza kichwa upande.

"Angalia macho yake. Iko nalia."

"Ni nzi, Madame."

"Yaya, weye hauna huruma. Mungu alimupa kinywa ya kula."

"Na miguu alimupa ya nini, Madame?"

Aliniambia nina mdomo mrefu. Ni kweli, ninao. Gérant alikuwepo, akachora mistari ardhini kwa kiatu.

Halafu ikaja ndoa ya binti yao. Wageni walifika kutoka mjini na kwingine, mahema yakapigwa uwanjani, na Patron akataka Libanga atembezwe kati ya meza ili watu wapige picha. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, na asubuhi ile jua likatoka kali. Majani yalikuwa yanang'aa. Nilimleta akiwa amefungwa kitunga, kimesafishwa, nimekitia na utepe mweupe ili nao wasiseme sina adabu.

Mgeni mmoja akasema kwa sauti, "Patron, kumbe tajiri naye ananyimaka farasi yake chakula?"

Meza nzima ikacheka. Nikaona shingo ya Patron ikivimba.

"Yaya, toa ile kitu."

"Patron, majani ya leo ni mabaya. Docteur alisema..."

"Docteur iko hapa? Leo ni sikukuu. Hata bafungwa ya prison banapewa nyama siku ya sikukuu."

"Akila leo, kesho hatasimama. Nampeleka ndani, apewe majani makavu, picha tumeshapiga."

"Kwa nyumba yangu hata mbwa inashiba! Toa!"

"Sitoi, Patron."

Nilimtazama Gérant. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Alikuwa amesikia maneno ya Docteur kama mimi, alikuwa ameloweka majani pamoja nami, alikuwa amemwaga maji juu ya zile kwato. Neno lake moja lingetosha, kwa kuwa Patron alimheshimu. Alitazama meza za chakula kana kwamba anahesabu sahani.

Patron alikivua kwa mkono wake, akakitupa chini ya meza. Watu wakapiga makofi. Walimpa Libanga keki. Walimpa ndizi, walimpa sukari kwenye viganja, wakacheka midomo yake ilivyowatekenya. Kisha akaachiliwa uwanjani. Mimi niliamriwa nitoke nje ya lango, na wageni walikaa siku kadhaa.

Niliporuhusiwa kuingia tena, Libanga alikuwa amelala. Nilipomwinua alisimama vile vile kama mara ya kwanza, miguu mbele, akitetemeka. Sikuhitaji kugusa, nikagusa. Docteur alihangaika naye kwa kila alichokuwa nacho. Mwishowe akanionyesha chini ya ukwato, palipokuwa pameanza kutokeza mbele ya ncha ya ile pembetatu laini iliyo katikati ya wayo. Mfupa ulikuwa umeshuka. Akamchoma sindano ya mwisho mimi nimeshika kichwa chake. Libanga alikuwa akitafuta majani kwenye kiganja changu. Sikuwa nayo.

Patron alilia, siwezi kusema hakulia. Wageni wale wale walipiga simu kumpa pole. Na alipoulizwa farasi alikufa na nini, alijibu jambo ambalo sitalisamehe: "Ile kitunga. Balimufunga kinywa mpaka nguvu ya miguu ikaisha." Madame akalibeba neno hilo hadi kanisani, kanisa likalibeba hadi Mangobo. Basi jiwe alikufa kwa kushiba, na mimi nikabaki mwuaji wa njaa. Hapo ndipo nilipoacha kucheka mzaha wa Papa Chef, kwa sababu niliona ni kinywa cha nani kilichofungwa siku ile, wala hakikuwa cha farasi.

Niliambiwa umri wangu umefika, nipumzike. Sikupewa nafasi ya kusema kitu. Niliomba vitunga vyangu viwili, kile kilichokuwa chini ya meza nikakiokota mwenyewe. Nikavuka kurudi Lubunga.

Wadogo zangu ni watu wazima sasa, wenye nyumba na watoto. Hakuna aliyekufa kwa mgao wangu. Wananiletea samaki na kunitania kwamba mpaka leo nikishika mwiko wanaona aibu kuomba tena. Mikono yangu haina farasi wa kugusa, lakini mara nyingine hujikuta nimeinama kumshika mbuzi wa jirani kwato. Kuzeeka katika kazi ndiko huko.

Mwezi uliopita pirogue ilileta mtu nisiyemtarajia. Alikuwa Gérant, amezeeka, kofia mkononi. Nilikuwa nafua nguo ufukweni na wanawake wa kwetu, sikusimama.

"Yaya, jambo."

"Jambo, Gérant."

"Patron amenunua farasi ingine. Ndogo. Shingo imeanza kukuwa munene. Amenituma. Anauliza ulitumiaka kitunga ya namna gani."

Nilisuuza nguo yote, nikaikamua, nikaianika. Nilitaka asimame juani kidogo. Wazo la kumfukuza lilikuwa tamu kinywani. Lakini kulikuwa na farasi ng'ambo ambaye hakumkosea mtu, mwenye kwato ambazo labda bado zilikuwa baridi. Nikaingia ndani, nikatoka na kimoja.

"Kamba ya shavu iko wapi dhaifu?" nilimwuliza. Akanionyesha. "Vidole?" Akapitisha vidole. Nikamweleza apime pua upya, na kama hakimtoshi, Tonton Bosco bado anasuka, ila amkataze koo la mgono. Alijua yote. Alikuwa akiyajua siku zote.

Akanyoosha mkono kukichukua. Sikukiachia.

"Madame atakuja na mukate. Utasema nini?"

Akatazama mto. "Nitamuambia... ngoja kwanza nimuulize Patron."

"Hapana. Utasema nini?"

"Nitasema Docteur hajaruhusu."

"Docteur haishi pale. Utasema nini, weye?"

Wanawake walikuwa wameacha kufua. Mwenye pirogue alikuwa ameegemea kasia lake. Gérant alizungusha kofia vidoleni, mzee mzima.

"Nitasema hapana," alisema.

"Sijasikia."

"Nitasema hapana!"

"Mbele ya wageni? Patron amesimama?"

"Hapana!" alipiga kelele, na sauti yake ikavuka maji, mbwa mmoja akabweka. Wanawake wakacheka, mmoja akamjibu, "Hapana nini, papa? Nani amekuomba?"

Yeye hakucheka. Alikuwa anahema kama mtu aliyebeba gunia. Nikaachia kitunga.